Mbegu Zilizokung'utwa Bondeni

Bi Chekeche hakuwahi kumwaga mbegu msituni. Hiyo ndiyo sheria aliyoishika tangu aanze kazi ya utafiti: kilichoangukia wavuni kinafungwa mfukoni, kinapelekwa kituoni, kinachekechwa na kuhesabiwa, wala hakirudishwi chini ya mti. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya chekeche lake la waya, naye aliliitikia bila kununa.

Msitu wao wa asili ulivunwa kwa zamu. Kila eneo likivunwa, miti michache mikubwa iliachwa imepakwa mstari mweupe, iangushe mbegu ili msitu ujirudishe wenyewe. Chini yake zilitandazwa nyavu za kudaka mbegu, na kando yake vikafyekwa vipande vya ardhi vya kuhesabia miche iliyojiotea. Miche ikitosha, miti ile nayo hukatwa. Isipotosha, haiguswi.

Eneo la bondeni lilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi. Mwaka huo miche ya bondeni ilisifiwa mpaka makao makuu. Bi Chekeche akaenda kuitazama. Aliikuta imesongamana mahali pamoja kama mchicha, na chini yake maganda yamerundikana. Upepo haurundiki hivyo.

Akamkuta shemeji yake stoo, anakunja nyavu.

"Shemeji, mbegu za bondeni unazihesabia wapi?"

"Hukohuko. Nipande nazo mlima, mimi punda?"

"Ukishahesabu?"

"Nakung'uta. Ulitaka nikuletee unywee chai?"

"Unakung'utia wapi?"

"Pale palipofyekwa. Nikakae kwenye majani marefu, nyoka anitoe roho?" Akacheka, halafu kicheko kikamkauka. "Usiniambie ndipo mnapohesabia miche."

Hakuna aliyekuwa amemweleza. Alipewa panga na nyavu, akaambiwa afyeke, basi.

Bi Chekeche akaenda kwa mkuu wa kituo kuomba miche ihesabiwe upya, mbali na mahali pale.

"Miche ipo au haipo?" mkuu aliuliza.

"Ipo, mzee, lakini imemwagwa na mtu."

"Na mbegu zilizaliwa na nani? Si mti uleule?"

Mkuu alijua alichokuwa anasema. Mtu huyu alisomeshwa kwa jasho la umma, na elimu yote hiyo akaitumia kutafuta maneno ya kufunika uongo. Kosa la shemeji lilikuwa la kutojua. La mkuu lilikuwa la kujua na kunyamaza, na aliye juu akinyamaza hivyo hastahili kuitwa mtafiti hata siku moja.

"Ukilisema kikaoni," mkuu aliongeza, "nitalazimika kumtaja aliyeharibu. Ni ndugu yako, au nimekosea?"

Jioni mdogo wake alimfuata nyumbani, hakukaa hata kwenye kiti.

"Dada, ukinyamaza utapungukiwa nini?"

"Miti ikikatwa, bonde lile halina tena mbegu."

"Na sisi tukikosa kula?"

"Mtakula kwangu."

"Kwako? Utupimie kwa chekeche?"

Kwenye kikao cha kuidhinisha ukataji, Bi Chekeche alisimama akaeleza yote mbele ya wavunaji na wakubwa wa misitu. Mkuu akamshukuru kwa uadilifu wake, kwa sauti tamu kabisa, akatangaza kwamba mfanyakazi mzembe ameondolewa. Kisha akasema dosari ya mtu mmoja haiwezi kuuangusha utafiti mzima. Mashine zilikuwa zimeshafika msituni. Kibali kikatiwa saini palepale, na hakuna aliyeinua mkono kuuliza kama miche ingehesabiwa upya.

Miti ya mstari mweupe ilikatwa yote, miche iliyosongamana ikanyauka, na bondeni sasa ni nyasi tupu. Shemeji hana kazi. Mdogo wa Bi Chekeche akikutana na dada yake njiani huvuka ng'ambo, na watoto wamekatazwa kumwita mama mkubwa.