Ticha Ayaa na Mawe ya Mto

Mimi Loyi ndiye mpika uji wa shule yetu ya nasari, ukingoni mwa mto Nyamwamba hapa Kasese, na nasema wazi: Ticha Ayaa alipoanza kuwafundisha watoto kupumua, nilicheka. Mzazi auze kahawa yake alipe ada, kisha mtoto afundishwe kupumua? Kwani nyumbani alikuwa hapumui?

Lakini wengi wao ni watoto wa askari wa kambi ya jeshi iliyo jirani, waliozoea kuamka usiku wakilia, na Ayaa mwenyewe aliujua woga. Alikulia Kitgum, kule kaskazini, wakati wa vita, akaletwa huku na mumewe, Sajini Oryem. Tairi la lori likipasuka barabarani, yeye yuko chini ya meza. Kwenye semina mjini alifundishwa dawa ya hofu: kila siku baada ya uji watoto waketi mkekani, wafumbe macho, wasikilize pumzi zao, kisha waseme pamoja, "Niko salama. Hapa hakuna baya." Kilio kikapungua, nami nikaacha kucheka. Jambo moja tu nililiona: yeye hakufumba macho hata siku moja. Aliketi akiukodolea mlango.

Siku ile jua lilituchoma, ila kule mlimani kulikuwa kweusi ti. Nilikuwa nikisuuza vikombe mlangoni, watoto wamefumba macho. Ithungu, msichana wa hapa hapa ambaye babu yake alichukuliwa shamba zima na mto huu, akafumbua.

"Ticha, mawe inatembea."

"Hiyo ni mawazo tu, Ithungu. Fumba macho. Sema na sisi."

"Niko salama," mtoto akasema, machozi yakimtiririka. "Hapa hakuna baya. Ticha, mawe inatembea."

Vikombe vikaniponyoka. Mimi pia nilikuwa nimeyasikia, kwa nyayo kabla ya masikio. Mvua ikinyesha huko juu, Nyamwamba huteremsha mawe makubwa kama ng'ombe, na yakishaanza kugongana, maji hayako mbali.

"Ticha," nikasema polepole, "mto inakuja."

"Mama Loyi, usitishe watoto."

Hata hivyo akamtazama Ithungu tena, akainama, akaweka kiganja sakafuni. Uso ukambadilika. Nilidhani ataingia chini ya meza, na hapo ndipo niliogopa kabisa, kwa maana watoto wote wale singewaweza peke yangu.

Hakuingia. "Simameni. Kila mtu ashike shati ya mwenzake. Vuta pumzi, tembea. Toa pumzi, tembea."

Sauti yake ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria, lakini maneno yalikuwa yale waliyoyazoea, wakamfuata. Tukapanda kuelekea kanisani, kilimani juu ya shule, mimi nyuma. Nikasikia ukuta wa jiko langu ukianguka. Sikugeuka. Kule juu tuliwahesabu, tukawahesabu tena. Wote walikuwepo. Chini, tope lilikuwa likipita pale ulipotandikwa mkeka, na Ayaa akaketi kwenye nyasi akalia mbele ya watoto.

Wiki iliyofuata tulianza kusomea kanisani. Baada ya uji Ayaa akatandika mkeka wa kuazima. Watoto wakafumba macho, isipokuwa Ithungu.

"Mimi naogopa, Ticha."

"Hata mimi naogopa," Ayaa akamjibu. Sijawahi kusikia mwalimu akimwambia mtoto hivyo. "Leo hatusemi hakuna baya. Wewe usifumbe, Ithungu. Wewe utusikilizie mto. Ukisikia mawe, sema, na mimi nitakuamini."

Mtoto akahamia dirishani, akaugeukia mto. Wenzake wakaanza kupumua, taratibu. Nikamtupia Ayaa jicho kwa mazoea yangu, nimwone akiukodolea mlango. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.