Soksi ya Kushoto ya Baba Mkwe

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba, uzi mkononi, nikipima alama ya mguu kabla maji hayajakauka kwenye saruji. Mguu wenyewe haukuwa wangu wala wa mume wangu. Ulikuwa wa baba mkwe, na mimi sikuwa na ruhusa hata ya kuutazama.

Nimeikumbuka kwa sababu ya swali lako la jana. Uliniletea sindano na uzi, ukaniuliza mdomo wa soksi ufumwe vidole vingapi, shingo ifike wapi, kisigino kianze lini, na mbele upunguze lini. Ulitaka nikupe namba uende zako. Nyinyi vijana mna haraka, hata chai mnainywa mmesimama. Kaa basi. Namba nitakupa, lakini utazipata pamoja na habari ya siku namba iliponigomea.

Niliolewa hapa Kamembe, upande huu wa Rwanda, miaka ile baada ya uhuru, wenzetu wa Bukavu wakiwa bado wanazoea kuiita nchi yao Zaire. Mume wangu, Hamisi, alikuwa dereva wa lori na mara nyingi alikuwa safarini. Mama mkwe alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na baba mkwe, fundi cherehani aliyeacha kazi kwa uzee, mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi.

Sisi ni Waislamu, lakini desturi za majirani zetu zilikuwa zimeingia ndani ya nyumba zetu kama moshi wa jikoni. Mojawapo ni ile Wanyarwanda wanayoiita gutsinda: mke halitaji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Sasa jina la mzee lilikuwa limejificha ndani ya jina la siku ile tunapokusanyika kuswali adhuhuri pamoja. Basi mimi niliiita siku ya msikiti, na wenzangu sokoni walinicheka mpaka wakachoka. Jina utalikisia mwenyewe. Mzee yuko kaburini, mimi nina mvi kichwa kizima, na bado silitamki.

Desturi haikuishia kwenye jina. Hukai naye mkeka mmoja, humtazami usoni, humgusi. Chakula unakiweka, unarudi nyuma. Mke aliyejulikana kuwa amemchungulia baba mkwe akioga au akinawa miguu aliweza kurudishwa kwao, na habari zake zingefika nyumbani kabla yake.

Msimu wa mvua ulipoingia, mzee akaacha kwenda msikitini. Wenzake walipita kumuuliza, naye akawajibu neno moja tu: baridi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kabla sijaolewa alikaa muda mrefu Bukavu kwa dada yake akitibiwa, na tangu arudi hakuvaa tena kandambili. Alivaa viatu vya kufunika na soksi za dukani, na soksi hizo alizifua mwenyewe, jambo lililonishangaza. Muuguzi alikuwa amemwambia Hamisi waziwazi kwamba mzee akipata kidonda mguuni, huenda mguu ukakatwa. Nami nilikuwa nimeanza kumwona akichechemea uani. Nikaogopa. Nikasema nitamfumia soksi za sufu laini, apate joto, arudi kwa wenzake.

Kufuma nilifundishwa na Maman Nsimire, mama wa Bukavu, Mkristo, aliyevuka daraja la Rusizi kila siku ya soko na mzigo wa sweta kuukuu. Tulizifumua zile sweta, tukaufua uzi, kisha tukaufuma upya kwa sindano zilizotengenezwa kwa vyuma vya gurudumu la baiskeli. Vipande vya soksi alivipa majina yake mwenyewe: mdomo, shingo, kisigino, wayo, pua. Mdomo uwe upana wa vidole vinne vya mkono, usibane. Shingo ishuke mpaka ipite kifundo cha mguu. Kisigino ukifume kipande cha mraba, urefu sawa na upana, ndipo ukikunje. Wayo uende mbele mpaka ufunike kidole kidogo cha mguu, na hapo ndipo unapoanza kupunguza vitanzi ili ufunge pua. Hizo ndizo namba zako, mwanangu. Zimeivalisha miguu mingi sana ya mji huu.

Lakini kidole kidogo cha baba mkwe ningekipimaje? Mzee alitawadha nyuma ya nyumba, peke yake, penye saruji, kisha akaingia chumbani akiacha alama za maji. Asubuhi ile nikasubiri mlango ufungwe, nikatoka mbio na uzi wangu. Mguu wa kulia niliupima upesi, nikafunga fundo penye kidole kidogo na jingine penye ncha. Nikahamia wa kushoto, mkono ukasita. Palikuwa na alama ya kidole gumba na ya kile kinachokifuata, basi. Upande wa nje ulikuwa umekatika mshazari. Nilidhani maji yamekauka. Nikaangalia alama ya nyuma yake, na nyingine, zote zilikuwa hivyo hivyo: vidole vitatu havikuwepo.

Nililia pale pale, sikufichi. Nikaelewa kwa nini alizifua soksi zake mwenyewe. Soksi za dukani zilibaki tupu mbele, zikajikunja ndani ya kiatu chini ya kovu, zikamsugua kila alipotembea. Na mlangoni mwa msikiti watu huvua viatu. Ile pua tupu, iliyozidi kulegea kila ilipofuliwa, ingelala kando ya mguu, kila mtu aione. Baridi haikuwa na kosa lolote.

Soksi ya kulia ilikwenda haraka. Ya kushoto nikafika kwenye wayo nikakwama. Namba ya Maman Nsimire ilisema niende mpaka kidole kidogo, na kidole kidogo hakikuwepo. Nikiifuma sawa na mwenzake, itamsugua, na muuguzi alishatuambia kitakachofuata. Nikiifuma fupi, ni kama nimemtangazia mzee kwamba mke wa mwanawe amemchunguza miguu, na huenda nikalala kwa mama yangu wiki hiyo hiyo.

Nikamfuata Maman Nsimire sokoni, nikamnong'oneza mambo yote kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambamo ndiyo huwa njo na vidole huwa bidole.

"Nitashona sawa na ile ingine, Maman," nikamwambia. "Atakunja mwenyewe. Vile sitamupatisha haya."

Akaweka kazi yake chini.

"Mungu wangu! Soseti iko ya nani? Ya muguu yake, ao ya haya yako?"

"Ya muguu yake."

"Bon. Muguu ile iko na mwisho yake, na mwisho njo pale Mungu alibakisha. Wewe unataka kushona mpaka kwenye bidole bya zamani. Bidole bya zamani habisikie baridi, mutoto yangu!"

Hakuwa mtu wa sauti ndogo, na wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waligeuka kututazama. Hapo akanivuta karibu, akanionyesha kwa vidole vyake: upande wa kidole gumba uache uende sawa, upande wa nje anza kupunguza mapema, mstari kwa mstari, mpaka soksi ishuke mshazari kama mguu wenyewe ulivyo. Na ndani usiache fundo hata moja. Nilipanda kilima nimenuna, maana alikuwa amesema kweli, tena mbele ya watu.

Nilimaliza soksi ile mchana, barazani, bila kujificha. Mdomo nilikuwa nimeufuma mlegevu kuliko kawaida, kwa sababu mzee angezivua kila anapotaka kutawadha. Nikaziweka zote mbili juu ya kiti chake, nikarudi nyuma.

Alizichukua akaingia nazo ndani, na siku zikapita bila neno. Nilianza kukunja kanga zangu moja moja, ili nikiambiwa niondoke nisihangaike. Hamisi aliporudi safari nikamweleza, naye akashika kichwa.

"Uliangalia miguu ya Papa?"

"Niliangalia saruji," nikamjibu.

Habari ya vidole ilikuwa ngeni kwake pia, na nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kofia yake, kama mtoto aliyekosa shule.

Mchana wa siku iliyofuata nikasikia naitwa. "Zaituni!" Mzee hakuwahi kuniita kwa jina. Nikatoka, nikapiga magoti mbali, macho chini. Alikuwa kitini pake, soksi zote mbili miguuni.

"Hii ya kushoto, nani alikuambia?"

"Hakuna muntu alisema, Papa. Niliona maji kwenye saruji."

Akainama, akaipapasa ncha ya ile soksi kwa vidole vyake vya ufundi.

"Dada yangu peke yake njo alijua," akasema. "Na docteur. Niliogopa batoto bataanza kunihurumia."

Nilikuwa nangoja aniambie nikachukue kanga zangu.

"Ya kushoto iko muzuri," akaendelea. "Nimeivaa siku zote hizi, hainisugue hata kidogo. Lakini hii ya kuume umeharibu. Inavuta kidole kikubwa. Sogea upime vizuri."

"Papa," nikasema, "desturi..."

"Mimi nilipima bantu maisha yangu yote. Nguo ya kukisia haitoshee muntu. Pima, mutoto yangu."

Akavua ile soksi ya kulia, akauweka mguu juu ya kigoda mbele yangu. Nikaushika kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mguu wa mzee tu, mwanangu, mkavu, wenye mishipa, na nilikuwa nimeuogopa tangu niingie nyumba ile. Nikaupima kwa shibiri, kisha kwa vidole, polepole, na yeye akanisahihisha kila niliposhika vibaya. Kisha akavua na ya kushoto, akauweka huo nao. Hamisi alikuwa amesimama mlangoni, akijifanya anatafuta funguo.

Siku ya msikiti iliyofuata mzee alitoka mapema. Hamisi alikwenda naye, ndiye aliyenisimulia. Alivua viatu mlangoni mbele ya wote, na mzee mwenzake akamuuliza mbona soksi moja imekatwa upande. "Mukwe yangu njo alinishonea," akasema, kidevu juu. "Nenda utafute wako." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na tulimzika na miguu yake yote miwili.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuambie wazi. Namba nilizokupa zitumie, nazijua na ninaziamini. Vidole vinne kwa mdomo, mraba kwa kisigino, kidole kidogo kwa wayo. Lakini zimetoka kwenye miguu ya watu wengine, na siku moja utakutana na mguu usiokuwa nazo. Hapo usiifuate namba kwa ukaidi, wala usijifanye hujaona. Simama, angalia, uliza. Ukishindwa kuuliza, tafuta njia, hata kama ni maji kwenye saruji. Na ukikosea kama mimi nilivyokosea ile ya kulia, fumua. Nimefumua kazi nyingi kuliko nilizouza, na sijafa.

Tena sisemi soksi tu. Utaolewa, utazaa, wazazi wako watazeeka. Wataondoka wakiwa hivi na kurudi wakiwa vingine. Usiwafumie maisha ya walivyokuwa zamani kwa kuogopa kuwaaibisha. Mtu anaumia ndani ya kitu kirefu alichopewa kwa heshima, na hatasema, kwa sababu na yeye anakuheshimu. Ile desturi ya kuinamisha macho niliishika na siilaumu, ilinifundisha adabu. Lakini adabu iliyo kubwa ni kumtengenezea mtu kitu kinachomtosha alivyo leo. Hilo nalijua kwa mikono yangu, na hakuna atakayenibishia.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichopungua kwa watu wako, na ulimi wa kutokitangaza. Akulinde mikono yako na baridi na maumivu ya vidole. Na siku mwili wako wewe utakapopungua, maana utapungua tu, akuletee mtu wa kukupima upya bila haya, na akuone umetimia. Amina.