Jumapili za Leonsia

Baba yetu, Apolinary Kahigwa, alitoka Muleba akiwa kijana, akaja Mwanza kutafuta kazi. Aliipata katika studio ndogo ya picha mjini. Siku nzima alipiga picha za vitambulisho, na za akina mama waliotaka kuwatumia waume zao wa mbali sura za watoto. Tulipanga vyumba viwili Kirumba. Mimi, Celestina, nilikuwa mtoto wa kwanza. Leonsia alinifuata.

Leonsia aliugua tangu akiwa mchanga. Vidole vilimvimba, macho yakawa ya manjano, na maumivu ya mifupa yalipombana alilia mpaka sauti ikakauka. Mwaka ule watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, daktari aliwaeleza wazazi wetu kwamba chembe za damu yake zimepinda kama mundu. Alizaliwa hivyo, na dawa ya kumponya haikuwapo.

"Atakua?" Mama aliuliza.

"Wengi hawafiki utu uzima, mama. Mkingeni na baridi, na anywe maji mengi."

Mama alishika habari ya baridi. Baba alishika ile ya kwanza. Jumapili iliyofuata, tulipotoka misani, alimpandisha Leonsia mabegani, akatundika kamera shingoni, akaelekea ziwani.

"Baba Celestina, upepo utamwingia mifupani," Mama alisema.

"Akae ndani, angoje nini?"

Mama alifunga viazi vitamu kwenye kitambaa, akajaza uji kwenye chupa ya chai, akatufuata.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Tulikwenda upande wa Ilemela, kwenye majabali makubwa yaliyopandiana mpaka majini. Mimi nilikwea mwenyewe, Leonsia alibebwa. Alipenda kuwatazama pimbi waliojianika juani. Aliwaita wajumbe wa nyumba kumi, kwa jinsi walivyokaa wakitazama kila tulichofanya. Kule studio, Baba aliwaamuru watu wanyooke na wainue kidevu. Lakini Leonsia, Baba hakumwamuru lolote. Alishika kamera akangoja.

"Mbona hupigi?" nilimuuliza.

"Bado anawaza," alijibu.

Maumivu yalipomlaza Leonsia, Baba alimpangia picha zile juu ya blanketi. Leonsia aligusa moja moja akatusimulia siku ile tulifanya nini, hata kama sote tulikuwapo.

Baada ya vita vya Kagera vitu viliadimika. Sabuni ilipotea, sukari ikapotea, na filamu nazo zikapotea. Baba alibaki na mkanda mmoja tu, akauficha kwa ajili ya Leonsia, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Leonsia akaomba kwenda kisiwa cha Saanane kuona wanyama. Mama alikataa katakata, kwa sababu ya boti na upepo.

"Mama," Leonsia alimwambia, "baridi nimeiogopa tangu nizaliwe, na bado naumwa."

Mama akaingia jikoni kuchemsha viazi.

Siku ile ilikuwa njema. Leonsia alitembea kwa miguu yake karibu kisiwa kizima, na Baba alipiga picha mpaka mkanda ukaisha. Tulipokuwa kwenye boti kurudi, mvua ilitukuta majini. Mama alivua kitenge akamfunika mtoto, akamlalia kwa mwili wake, lakini sote tulilowa chapachapa. Jioni hiyo kifua cha Leonsia kilianza kumchoma. Tulimkimbiza hospitali. Jumatano alifariki.

Siku ya maziko Mama alisema, "Ulimpeleka ziwani, Apolinary." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita Baba kwa jina. Baba hakujitetea. Tangu siku hiyo waliongea habari za unga na mafuta ya taa tu, na ule mkanda ukabaki ndani ya kamera bila picha zake kusafishwa.

Miezi ilipita hivyo. Asubuhi moja Mama alinishika mkono, tukaenda studio.

"Zisafishe," alimwambia Baba.

"Mama Celestina, sijui kama nitaweza."

"Zisafishe. Nangoja."

Aliketi kwenye benchi la wateja. Baba aliingia kwenye chumba cha giza, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na picha mbichi mkononi. Katika mojawapo kima amemnyang'anya Leonsia kiazi, naye amefumba macho kwa kicheko. Nyuma yake yupo Mama, mkono mdomoni.

"Nilicheka?" Mama aliuliza.

"Ulicheka. Mlicheka wote wawili."

Mama alishuka kwenye benchi akaketi sakafuni, akalia kama ambavyo hakulia hata msibani. Baba akaketi kando yake. Naye alilia. Mteja mmoja alichungulia, akatuona, akaurudishia mlango polepole.

Mama hakuyarudia tena maneno yale ya siku ya maziko, wala hakuyafuta. Jioni hiyo alimwekea Baba maji ya kuoga, jambo ambalo alikuwa ameliacha. Waliishi pamoja mpaka uzee.

Miaka mingi baadaye, macho ya Baba yalipoanza kufifia, aliniuliza kama nadhani Leonsia angeishi zaidi lau wangemfungia ndani.

"Sijui, Baba," nilimwambia.

"Hata mimi sijui, mwanangu," alisema, akageuzia uso wake dirishani.