Supu ya Askari Isiyo na Chumvi

Juzi nilipanga foleni kwenye bucha moja hapa Nakuru, na zamu yangu ilipofika nikaomba mifupa. Muuza nyama akauliza bila kuinua macho, "Ya supu ama ya mbwa?"

"Ya mbwa," nikamjibu.

Sina mbwa, rafiki yangu. Sijafuga mbwa tangu utotoni. Lakini swali hilo lilinirudisha Mau Narok, kwenye jiko la nyanya, na mdomo ukajibu kabla sijafikiri. Nikaondoka na mfuko wa mifupa huku sina mnyama wa kumpa. Kaa kidogo nikueleze.

Kwa nyanya kulikuwa juu kabisa, kule ambako baridi ya Julai huingia ndani ya nyumba bila kubisha. Huku viazi, kule ngano ya watu wenye matrekta, na katikati boma letu: nyumba ya mbao, jiko lililojaa moshi, zizi la ng'ombe, na Askari amelala mlangoni. Mama alikuwa akifanya kazi mjini, kwa hiyo nililelewa hapo. Nilitoka shuleni nikinukia chaki na kufikia Jumamosi nilikuwa nanukia moshi wa kuni za saipresi, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na maziwa. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji kwenye tangi, kuchambua viazi vya mbegu, na kumlisha mbwa.

Askari alikuwa wa babu. Babu alipewa na mwanajeshi mmoja wa Gilgil, akamleta nyumbani ndani ya koti akiwa mdogo kama viazi viwili, na jina likatoka hapo. Babu alipofariki, mbwa huyo ndiye aliyebaki akimsindikiza nyanya shambani na kumsubiri chini ya mti akipalilia.

Jumapili moja wajomba zangu walikuja kutoka Nakuru. Mjomba mkubwa hata hakumaliza chai.

"Mama, huku unakaa na nani? Twende mjini. Kuna stima, kuna maji ya mfereji, hospitali iko karibu."

"Nakaa na Askari," nyanya akasema.

"Na huyo mbwa akienda?"

"Akienda ndipo mje tuongee."

Walicheka. Nyanya alisema vile kuwanyamazisha tu, lakini mjomba mkubwa alilichukua neno hilo akaenda nalo. Tangu siku hiyo, kila alipokuja, aliuliza akiwa bado getini, "Askari bado yuko?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Kisha Askari akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kama cha mtu aliyekwamwa na kitu kooni. Nyanya alimpanua mdomo akitafuta mfupa, hakuona kitu. Miguu ikakonda, tumbo likajaa, na mwishowe akaanza kuligeuzia ugali mgongo. Daktari wa mifugo alipokuja kutibu ng'ombe, nyanya akamwomba amwangalie na huyu pia. Daktari akapiga magoti pale mlangoni, akaweka chombo chake kifuani mwa mbwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Shosho, moyo wake umekuwa mkubwa."

Nyanya akapiga makofi kwa furaha. "Hilo ndilo unaniambia leo? Huyu ana moyo mkubwa tangu akiwa mtoto! Aliwahi kufukuza fisi peke yake."

Daktari naye akacheka, mimi nikacheka, na nafikiri ni kicheko hicho kilichotuharibia mambo. Daktari alikuwa ametaja ugonjwa, nyanya akasikia sifa, na hakuna aliyerudi nyuma kulinyoosha neno. Alimwachia vidonge vya kutoa maji mwilini, na akiwa tayari ameshika pikipiki yake akasema, "Na chumvi msimpe kabisa. Chumvi inashika maji, na maji hayo yanaulemea moyo." Nyanya alikuwa ameshaingia jikoni kumtafutia mayai ya kumshukuru. Niliyebaki nikisikiliza ni mimi.

Basi nikajifunza kumlisha mbwa mgonjwa. Nawe kama una mbwa mzee anayekataa chakula, usikate tamaa, si kazi ngumu, ni kazi ya kungoja tu. Chemsha mifupa bila chumvi wala kitunguu mpaka maji yawe meupe. Toa mifupa yote, kwa sababu ikishapikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma ndani. Lowesha ugali kidogo kwa supu hiyo, ngoja upoe, upime joto lake kwa mkono kama maziwa ya mtoto. Weka bakuli juu ya tofali ili asiinamishe shingo, maana akiinama anakohoa, na akikohoa hamu inakwisha. Kidonge kifiche ndani ya kiazi kilichopondwa. Halafu kaa chini kando yake, utazame kuku. Usimkodolee macho. Mbwa mgonjwa akiona unamsubiri, anaona haya. Ukijifanya huna habari naye, utasikia ulimi ukigusa bakuli.

Siku ambayo Askari alikula, nyanya aliimba akipalilia. Siku aliyokataa, aliketi mlangoni akitazama barabara ambayo wajomba walipitia. Hata mimi mtoto nilijua anachohesabu. Kila tonge aliloliacha Askari lilikuwa linatusogeza Nakuru.

Halafu siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta bakuli limelambwa likang'aa. Kesho yake vilevile. Nilifurahi nikajisifu kwa mwalimu kwamba ninajua kupika. Nyanya alikuwa akitabasamu tu. Lakini Askari hakupata nafuu. Tumbo lilizidi kuvimba, na akawa halali tena kwa ubavu. Aliketi amepanua viwiko, mdomo wazi, akivuta pumzi kana kwamba anapanda mlima akiwa pale pale. Nikashika bakuli, nikapangusa pembeni kwa kidole, nikalamba.

Ilikuwa supu ya wageni. Chumvi imekolea barabara.

"Nyanya, umemwekea chumvi?"

Hakuficha. "Mnyama akikataa chakula unampa chumvi. Ulitaka nimpe nini?" Akanyoosha kidole zizini, kwenye jiwe la chumvi ambalo ng'ombe walikuwa wamelilamba mpaka likafanya shimo katikati. "Hawa wote walipokataa majani, ni hiyo iliwarudisha."

"Daktari alisema ina—"

"Daktari alisema ana moyo mkubwa. Mwenye moyo mkubwa atashindwa na chumvi?" Kisha akaiteremsha sauti. "Hiyo unayompikia si supu, mtoto wangu. Ni maji yaliyopitia mfupa. Mimi mwenyewe siwezi kuyameza. Na yeye lazima ale."

Nilimweleza vizuri kadiri nilivyoweza: maji, moyo, vidonge. Alisikiliza. Mwisho akaweka mkono kichwani mwa Askari na kusema, "Kumbe." Tangu siku hiyo hakuweka chumvi tena, na Askari, aliyekuwa ameizoea, hakula tena. Nilitazama kuku mpaka kuku wenyewe wakaingia kulala. Ulimi haukugusa bakuli.

Alifia mlangoni asubuhi moja, majani yakiwa bado meupe kwa barafu. Tulimzika nyuma ya ghala la viazi, na nyanya akamfunika kwa lile koti la babu alimoletwa akiwa mdogo. Jumapili iliyofuata mjomba mkubwa alifika getini, akafungua mdomo kuuliza swali lake, akaona mlango mtupu, akafumba mdomo. Aliingia, akavua kofia.

"Pole sana, Mama."

"Asante."

Akanywa chai yake, safari hii akaimaliza yote, akaweka kikombe chini taratibu. "Sasa tunaweza kuongea?"

Walimhamishia kwenye nyumba ya ghorofa. Kulikuwa na stima na maji ya mfereji, kama walivyoahidi, na hospitali kweli ilikuwa karibu. Huko hospitalini akaambiwa ana presha na aache chumvi. Mke wa mjomba, mama mwema, hakuwa na ubaya wowote, akachukua kopo la chumvi akaliweka juu ya kabati ambako nyanya hangefika. Sahani zikaanza kurudi zimejaa. Ndipo nikaitwa kutoka kwa mama, nilikokuwa nimepelekwa. "Wewe ndiye unajua kumbembeleza," mjomba akaniambia.

Nilipasha ugali moto nikaulowesha kwa supu. Nikaupima joto kwa mkono. Nikaketi kando yake, nikageuza uso nikatazama nje dirishani, kwenye nguo za majirani zilizoanikwa, kana kwamba sina habari naye. Nyanya alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe sasa mimi ndiye Askari!"

Pale mezani hakuna mwingine aliyecheka. Alimeza tonge moja, la kunifurahisha mimi, akafunga mdomo. Hakuiona masika.

Shamba lilikodishwa. Mara ya mwisho nilipopanda Mau Narok, ngano ilikuwa imefika mpaka barabarani, mistari imenyooka vizuri sana. Trekta halijui hapa palikuwa jiko na pale palilala mbwa. Nilitembea pembezoni nikitafuta hata lile jiwe la zizini. Lakini jiwe la chumvi likinyeshewa linakwenda wapi? Nilisimama hapo, na kilichoniuma zaidi, nisikudanganye, ni kwamba nilifika kwetu na hakuna kilichobweka.

Ile mifupa ya juzi niliichemsha. Niliiacha motoni mpaka maji yakawa meupe, nikaitoa yote, nikangoja ipoe, nikamimina supu kwenye kikombe na kuionja kwa utulivu, bila chumvi, kama nilivyompikia Askari na kama tulivyomlazimisha nyanya. Miaka yote hii nimekuwa nikijua nani alikuwa sahihi kuhusu chumvi, na bado najua. Nikanywa fundo la kwanza. Nikajaribu la pili.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo.