Shati Lililolowa Mgongoni

Nakumbuka siku moja huko Mgeta, na kabla sijaisimulia, mwanangu, nitenganishe mambo mawili. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayaapia. Niliyoyasikia nitayaita kwa jina lake: maneno ya watu.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka sekondari. Kaka yangu Damasi, aliyekuwa akinisomesha kwa jasho lake, alikuwa akipiga dawa ya wadudu kwenye kabichi za mteremkoni. Bomba alilobeba lilikuwa likivuja kwenye mfuniko, na kila alipoinama dawa ilimtiririkia mgongoni. Nililiona shati likigandamana na ngozi. Nikamwambia aoge, abadili nguo.

"Msomi," akacheka, "hata maji ya kabichi unayaogopa? Sumu inamuua anayeinywa. Umeniona nikiinywa?"

"Hapana, kaka."

"Basi niache nimalize. Lori la Dar halinisubiri mimi."

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza. Mdharau mwiba mguu huota tende, nasi tuliudharau wawili, mmoja kwa kicheko na mwingine kwa kimya.

La pili ni baya zaidi. Huko kwetu wapiga dawa wengi walikuwa wakinywa kikombe cha maziwa, eti hukata sumu. Niliyasikia hayo nyumbani, nikayasikia tena dukani Mwembesongo, kule mjini, na kwa kuwa niliyasikia mara mbili nikayafanya elimu. Sikumuuliza yeyote ameyajuaje. Hivyo mchana, Damasi aliposema haoni vizuri, jasho likimtoka katika baridi ya milimani, mate yakimjaa na misuli ya mikono ikimchezacheza, sikumvua shati. Nilikimbia kutafuta maziwa. Niliyapata nyumba ya tatu.

Majirani walitusaidia kumbeba kwa machela hadi zahanati. Muuguzi, mama wa makamo, alimtazama mgonjwa, kisha akanigeukia.

"Nani kamwacha na shati hili?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Shikamoo yako iweke. Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Umempa nini?"

"Maziwa."

"Maji unayo, sabuni unayo, mikono unayo miwili, ukaenda kutafuta ng'ombe!"

Akavaa glavu, akalichana shati kwa mkasi, akaniamuru nimwage maji. Tulimsugua kwa sabuni mara mbili, na harufu ya dawa bado ilikuwa ikitoka mwilini mwake.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, mwanangu, na kumkumbuka hakujapungua. Nikiwa Mlali, lori la mboga likiteremka kutoka milimani, masikio yangu bado huisubiri sauti yake ikimtania dereva kwa Kiluguru. Haiji. Nimefika umri ambao yeye hakuufika, na bado namwita kaka.

Basi sikia. Ngozi si ukuta. Sumu hupita humo kimyakimya, haihitaji mdomo. Bomba linalovuja usilibebe, hata lori likiwa limeshapiga honi. Vaa glavu na nguo za kukufunika, na dawa ikikumwagikia, vua nguo hapohapo, uoge kwa maji mengi na sabuni, nywele pia. Ukimsaidia mwenzako, kinga mikono yako, mkimbize hospitali, na kopo la dawa mlichukue ili daktari asome lebo. Maziwa mwachie ndama. Na ukiambiwa jambo, hata na mzee kama mimi, uliza: umeliona, au umelisikia?

Mungu akulinde shambani na akurudishe nyumbani mzima, uwakute wanaokupenda.

Wako waliosema Damasi alilogwa. Mimi sikumwona mchawi. Wako wasemao alimwita mama kabla ya kukata roho, mimi sikumsikia. Nilikuwa nimemshika kichwa, nikimwosha nywele. Akasema, "Maji haya ya baridi, mdogo wangu." Nikamjibu kwamba tunakaribia kumaliza. Hakusema tena.