Mutoto Anatajwa Kwanza

Nilirudi masomo na mutoto mugongoni. Prof wa shimi, ile kemia, akanicheka: "Mama, taja jina ya hii molekuli. Ukishindwa, urudi nyumbani."

Nikasimama kwenye tablo na hasira yote. Prof alichora kaboni ine kwa mustari moja, na ya tano inaning'inia pembeni. Wenzangu wakahesabu zote pamoja, wakaninong'oneza: "Pentane!"

Nikakataa. Ule mustari murefu wa kaboni ine ndio mama, butane. Ile ndogo ni mutoto, méthyl, na mutoto anatajwa kwanza, sawa vile mutaa yote inaniita kwa jina ya mutoto wangu. Nikahesabu kuanzia upande wa karibu na mutoto: ameshika kaboni ya pili.

"2-méthylbutane!"

Klasi ikalipuka makofi. Prof akajikuna kichwa: "Bon, mama, kaa."

Nikakaa banki ya mbele kabisa, ninacheka kama mwendawazimu.