Nilifula kompyuta ya Yaya Mado

Kosa ni langu mwenyewe. Nalisema hapa kwa sababu nyumbani hata kulitaja naona haya.

Yaya Mado ni jirani yetu hapa Dilala; namwita Yaya kwa sababu ni kama dada yangu mkubwa. Alikuwa amemaliza kuandika kazi yake ya mwisho ya chuo, ile tunaita TFC, ikabaki tu kuichapisha na kuipeleka Jumatatu. Ijumaa asubuhi kompyuta yake ikakataa kuwaka.

Mama yake akaniita mbele ya watu: "Si huyu alipata kumi na nane juu ya makumi mbili mu informatique? Mado, muachie mutoto, wende ku masomo yako."

Kweli nilipata. Lakini jamani, sisi informatique, ile somo ya kompyuta, tunasomea ku tableau! Mwalimu anachora kompyuta kwa chaki, sisi tunaandika majina ya vipande mu kaye. Kompyuta yenyewe nilikuwa sijaigusa hata siku moja. Nikaona haya kusema. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Nilipoifungua, ndani mulijaa vumbi nyekundu ya barabara ya migodi. Nikafurahi: ugonjwa njo huu. Nikachomoa kila kitu chenye kuchomoka, nikaleta beseni, sabuni na mswaki wa zamani. Nilivifula kama nguo: nikasugua vizuri, nikasuuza mara mbili, nikaanika.

Saa nane Yaya akarudi.

"Njo nini ile ku kamba?"

"Ni ordinateur yako, Yaya. Inakauka."

Akakaa chini mu vumbi na nguo zake nzuri. Mama yake akatoka jikoni.

"Mado, nilisahau kukuambia. Jana courant ya umeme ilikuwa inapanda na kushuka, nikazima stabilisateur, ile sanduku yenye kupitisha umeme ku kompyuta yako. Ulibonyeza kifungo yake kuiwasha tena?"

Hakuna mtu aliyekibonyeza.

Tukapeleka vipande kwa fundi wa kompyuta kule mtaa wa Manika. Alifungua diski, akacheka mpaka akaita wenzake waje kuona povu. Kazi yote ilikuwa imepotea. Yaya alibaki tu na daftari zake, mule aliandika kazi kwanza kwa mkono. Siku mbili nzima mi nilimsomea kwa sauti, yeye akaandika upya ku kompyuta ya kuazima. Jumatatu asubuhi tukafika ukurasa wa shukrani: Mungu, wazazi, baprofesa, wanakwaya wenzake. Yaya akamwongeza fundi wa Manika. Nikangoja.

"Yaya, na mi?"

"Point," akasema, akabonyeza nukta ya mwisho.

Aliichapisha, akaipeleka ku chuo kabla hawajafunga mlango. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Wenzangu wenye haya, mutu akikuuliza kitu na hujui, mwambie hujui. Utaona haya dakika moja tu. Mi mpaka leo nikipita, bamama wa avenue yetu wananiuliza kama ninafula na televizyo.